Tupeane uzoefu: kotabeki mpya, mechi ya kwanza, kichapo cha kwanza. Wewe ulikuwa wapi na uliona nini?

Mzee wa Pflugerville

Wakuu habari za mapumziko. Kwetu sisi wa Texas siyo nzuri sana, timu yetu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani imepigwa 14-7 na Ohio State kule Columbus Jumamosi tarehe 30 Agosti 2025 na tangu hapo simu yangu haijapoa, grupu la kazini, majirani, mpaka shemeji yangu yuko Mwanza ambaye hajui hata mpira wa huku unachezwaje ananitumia meseji "huyo Manning wenu vipi". Nikaona nifungue uzi tu.

Kwa wale wageni wa huu mchezo, kotabeki ni kama kiungo mchezeshaji ila huyu kila mpira lazima uanzie mikononi mwake, akilala timu nzima imelala. Na huyu wetu Arch siyo mtoto wa hivihivi, babu yake ni Archie Manning, baba zake wadogo ni Peyton na Eli, kila mmoja kabeba Super Bowl mbili, yaani ubingwa wa ligi ya kulipwa. Kakaa benchi miaka miwili nyuma ya Quinn Ewers tukimsubiri kama mvua ya vuli, na msimu huu kwa mara ya kwanza kabisa Texas tumeanza namba 1 kwenye orodha ya timu bora za vyuo ya shirika la habari la AP. Halafu mechi ya kwanza ndo hiyo.

Uchambuzi wa kwenye tivii sitaki, umejaa kila kona. Sema ulikuwa wapi, uliangalia na nani, uliona nini kwa macho yako. Na kama ulishawahi kupitia haya na kotabeki mwingine, lete.

Naanza. Mimi niliangalia nyumbani na jirani yangu mzungu, mzee wa kama miaka 70, kofia yake ya rangi ya chungwa ina umri kuliko ndoa yangu. Mechi imeanza saa tano asubuhi kwa saa za huku, mama watoto hata chai hajatoa. Robo ya tatu tukafika yadi moja kutoka mstari wa kufungia, jaribio la nne ambalo ndo la mwisho. Yadi moja wakuu, ni hatua ya kwenda kuzima taa. Dogo akajisukuma mwenyewe katikati ya lile rundo la watu, rundo likamrudisha. Mzee akavua kofia akaiweka juu ya friji na mpaka anaondoka hakuivaa. Nilichoona mimi ni miguu, dogo miguu yake inaanza kucheza kabla kichwa hakijaamua, na miguu ikishahama mpira nao unaenda kwingine, mara uko magotini kwa mpokeaji mara umempita juu.

Kaka Chapati

Jina tu hilo. Angekuwa anaitwa Arch Mwakalinga asingeanza.

Mzee wa Pflugerville

Chapati ndo nini sasa, nimesema lete ulichokiona.

Kaka Chapati

Nimeona pasi 17 kati ya 30, yadi 170, na moja kanaswa, yaani pasi imedakwa na adui. Ndo nilichokiona. Na hizo yadi nyingi zimekuja robo ya nne tukiwa tushalala 14-0.

Msee wa Campus

Niaje wasee, mimi niko upande ule mwingine, naishi Columbus dakika chache hivi kutoka uwanjani. Siku ya mechi huku watu wanapark gari kwa nyasi ya mtu na wanalipa, so mimi na roommate tulikuwa tumesimama nje na kadibodi tangu asubuhi tunaita wateja kama makanga. Watu wengi kuliko kawaida juu hiyo asubuhi mtangazaji mzee Lee Corso alikuwa anafanya kipindi chake cha mwisho cha GameDay, ile show ya TV ya kabla ya mechi, hapo hapo. Tulijaza yard saa nne, tukaingia ndani kuangalia.

Sasa kitu hamjui ni hii, ukikaa karibu na uwanja wa watu zaidi ya laki moja TV yako inakuwa ya zamani. Kelele inafika kwanza kupitia dirisha, picha inakuja sekunde kadhaa nyuma. So hiyo yadi moja yenu mzee, mimi sikuiona, niliisikia. Kwa TV Manning bado ameinama anangoja mpira na nje mji unapasuka tayari. Nilimwangalia tu vile ameinama nikasema pole buda, wewe hujui bado. Afadhali hata ningekuwa shabiki wenu ningejua mapema nikaenda zangu kulala.

Na mtu asisahau wetu pia alikuwa mpya, Julian Sayin, hiyo ndo mara yake ya kwanza kuanza. Pasi 13 kati ya 20, yadi 126 tu, hakuna maajabu. Lakini hakupeana mpira kwa adui, na robo ya nne akampata mpokeaji Carnell Tate kwa pasi ya yadi 40 ya kufunga basi ikaisha hapo. Timu nzima tulipata yadi 203 nyinyi mkapata 336 na bado mkalala. Kochi alimpea kazi kidogo akaifanya, Manning alipewa mlima.

Nliwahi kuona mbaya zaidi. 2014 nikiwa mgeni hapa, mechi ya kwanza nyumbani, Virginia Tech walikuja wakatupiga 35-21. Kotabeki alikuwa J.T. Barrett, kijana mdogo ameingizwa juu Braxton Miller aliumia bega kabla msimu uanze. Pasi 9 kati ya 29, akanaswa mara tatu, akaangushwa chini mara saba. Nakumbuka kwa basi watu wameinamisha vichwa kama wanatoka matanga, jamaa mmoja akisema huyu kijana arudishwe kwao. Huo msimu tuliishia mabingwa wa nchi. Ni kweli Barrett alivunjika mguu mwishoni na Cardale Jones ndo akamalizia, lakini aliyetufikisha mlangoni ni Barrett.

Mama Kotabeki

Jamani mimi niongee kama mzazi. Niko maeneo ya Houston, mwanangu wa miaka 16 anacheza kotabeki shuleni kwao, mwaka jana ndo alipewa nafasi kwa mara ya kwanza. Mimi huu mchezo nilikuwa nauona fujo tu, watu wanagongana wanasimama wanapanga mstari wanagongana tena. Kujifunza nimejifunzia jukwaani Ijumaa usiku na thermos yangu ya chai.

Mechi yake ya kwanza walifungwa. Nyuma yangu kulikuwa na baba mmoja, mtoto wake ni mpokeaji, yule baba hakunyamaza, kila pasi ikianguka "rusha mpira wewe, rusha", hajui kama mimi ndo mama wa anayerusha, na mimi nimekaa kimya nimeshika thermos kama nimeshika mtoto mchanga. Mwanangu hakula usiku ule. Asubuhi nikamkuta sebuleni anaangalia marudio ya mechi kwenye simu, pasi moja hiyohiyo anairudia. Nikamuuliza unaangalia nini baba, akasema mama angalia huyu mlinzi, kabla mpira haujaanza amesimama hapa, ukianza tu anahamia pale, mimi nimerushia pale alipohamia. Yaani alikuwa anadanganywa na hakujua kama anadanganywa.

Ndo maana Jumamosi namwangalia yule mtoto wa Manning mimi hata mpira siuangalii, naangalia walinzi wa Ohio wanavyojibadilisha. Mwanangu kakaa pembeni anasema "ona, ona, wanamfanyia kama mimi". Kumbe kochi wao mpya wa ulinzi ni Matt Patricia, huyo katoka kwa watu wazima, kafundisha Patriots. Sasa mtoto ambaye kaanza mechi mbili tu mwaka jana, wakati Ewers anaumwa, mnategemea nini. Na mama yake alikuwa wapi wakati nyie mnamsema, nauliza tu.

Papa Bukavu

Jambo bandugu. Miye niko Abilene tangu 2016, tunatokaka Bukavu kupitia kambi. Miye futiboli ya huku sikuipendaka, nilipenda ile ya miguu. Lakini kazini bantu bote njo habari yao, Jumatatu ukifika hauna la kusema uko kama kiziwi. Mukubwa wetu wa kazi akifungwa, wiki yote ni mubaya, hakuna kucheka, hata mapumziko anahesabu dakika. Njo maana miye naombeaka Texas kila Jumamosi kanisani, bale bandugu banafikiri naombea inchi.

Nilichoona ni kimoja. Dakika tatu na kitu za mwisho yule kijana anatupa mupira yadi 32 kwa Livingstone, pointi saba, pale nilisimama. Kwa sababu kabla ya pale alikuwa anatupa kama mutu anaogopa kuvunja sahani. Pale aliacha kuogopa kwa sababu ilikuwa imeisha haribika. Halafu bakapata mupira tena, na bakakufa kwa jaribio la ine na pasi ya mufupi. Ile ya mufupi njo iliniuma. Kesho narudi kazini, muniombee.

Kaka Chapati

Papa nimecheka mpaka basi. Ila nikwambieni kitu, siku hiyohiyo Alabama wamepigwa 31-17 na Florida State, kotabeki wao Ty Simpson naye ndo mara ya kwanza anaanza. Jana usiku Notre Dame wamepigwa 27-24 Miami, naye mpya, CJ Carr, mjukuu wa Lloyd Carr aliyekuwa kochi wa Michigan. Uzi wao uko wapi? Hakuna. Ndo maana nasema jina, mkuu, jina linamlisha na ndo hilohilo linamchoma.

Bi Tanga

Hapo kwenye jina nina hadithi. Mimi niko Knoxville, Tennessee, nahudumia wazee majumbani, na mzee ninayekaa naye Jumamosi ni Tennessee mpaka mifupa. Hatembei, kusikia kwake kwa shida, tivii tunaweka sauti mpaka madirisha yanatetemeka. Alipomwona Arch katoka na namba 16 akaguna, maana hiyo ndo Peyton aliyoivaa huku Tennessee, akaanza kunipa habari wakati mechi inaendelea, hata kula akakataa.

Akasema mwaka 1994 msimu unafunguliwa ugenini UCLA, Tennessee wana kotabeki wao Jerry Colquitt kasubiri zamu yake miaka na miaka, mpira wa saba tu wa mechi hiyo goti likakatika. Wakajaribu huyu, wakajaribu yule, na Peyton mtoto wa mwaka wa kwanza akaingizwa. Basi akamkabidhi mpira mkimbiaji mara tatu, hakurusha hata pasi, akatolewa. Wakafungwa 25-23. Mzee anasema siku ile hakuna aliyeuliza habari za Peyton, wote wanamlilia Colquitt. Ndo kaniangalia akasema kitu kama, huyo mjukuu shida yake watu wanamwangalia mapema mno, Peyton alipata kufichwa.

Nikaenda kuangalia mwenyewe usiku, na hata alipoingia kwa wakubwa 1998 huyo Peyton alinaswa mara 28 msimu mmoja. Ishirini na nane! Siku hizi angepona?

Dereva wa Sita Mtaa

Mimi naendesha teksi za simu hapa Austin mwaka wa tisa huu, na nakwambieni abiria ndo kipimo. Septemba 2018 Texas walifungua msimu kwa kupigwa na Maryland 34-29, mwaka wa pili mfululizo wanapigwa na haohao, na kotabeki alikuwa Sam Ehlinger, mtoto wa hapahapa Austin, kasoma Westlake. Mwishoni mwa mechi akanaswa mara mbili, basi usiku ule nilibeba kama watu ishirini na wote wimbo mmoja, huyu hafai, mkimbiaji huyu siyo mrushaji. Kuna mmoja alikuwa amelewa akaniomba mimi nitoe maoni, nikamwambia bosi mimi ni mtu wa Simba, akasema hao ni akina nani, nikasema nao wana matatizo yao.

Baada ya mechi ile huyo "hafai" akarusha pasi 308 bila kunaswa hata moja, rekodi ya Big 12, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, na tarehe 1 Januari 2019 wakampiga Georgia 28-21 kwenye Sugar Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu. Usiku ule nikabeba watu wanaimba, mmoja akataka kunikumbatia naendesha.

Ila nisiseme uongo, Jumamosi hii abiria walikuwa tofauti. 2018 walikuwa na hasira, safari hii walikuwa kimya. Binti mmoja kavaa jezi namba 16 mpya, bado ina kile kikaratasi cha bei kwenye mkono, nikamwambia dada kikaratasi hicho, akasema najua, nafikiria kuirudisha.

Mkeka Boy Dar

Mechi ilianza saa moja jioni huku, nilimwekea Texas kwenye mkeka na timu nne za Ulaya, zote nne zimeingia. Sina zaidi.

Msee wa Campus

Mkeka Boy 😂😂😂 pole sana, hiyo pesa ndo nlilipwa parking.

Mama Kotabeki

Dereva mwambie yule binti asirudishe, akate kikaratasi tu avae.

Mzee wa Pflugerville

Nimesoma zote. Bi Tanga mwambie huyo mzee namsalimia, na hilo la kufichwa nimeenda nalo kwa jirani yangu asubuhi hii, kakaa kimya muda mrefu halafu akauliza "Tennessee kweli?", hawapendani hawa.

Chapati, namba zako ni za kweli sibishi, ila hizo jaribio la nne tumeenda mara tano tumepata moja, siyo zote ni za dogo, nyingine ni za kochi wetu Sarkisian aliyechagua mbinu. Hiyo ya yadi moja mimi ningempa mkimbiaji. Lakini ile miguu naisema tena, akiendelea nayo hata San Jose State watatusumbua.

Jumamosi tarehe 6 wanakuja hapa Austin, mimi na mzee wa kofia tunaenda. Tunakutana maegesho mapema, mimi mishkaki na jiko, Dereva wewe lete kachumbari, usije na visingizio vya abiria. Papa Bukavu ukipata nafasi ya kushuka kutoka Abilene njoo na pondu, na huyo bosi wako mlete.

Papa Bukavu

Pondu ntaleta. Bosi hapana.