Iringa mjini: wamachinga mliwaondoa ili tupite. Mbona njia mmewapa magari?

Kamwene wakuu. Wasimamizi, msiuunganishe huu uzi na ule wa bajaji. Hapa naongelea miguu.

Nina hasira, mtanivumilia. Mnakumbuka 2021? Mwezi Septemba Rais Samia aliagiza wamachinga wapangwe vizuri nchi nzima, akasisitiza nguvu isitumike. Hawa ni watu waliokwisha kulipia vitambulisho vya shilingi 20,000 tangu mwishoni mwa 2018, wakiambiwa sasa hakuna wa kuwabughudhi. Basi wakaondolewa katikati ya mji, na hoja tuliyoimbiwa ilikuwa hiyo hiyo kila siku: waenda kwa miguu hawana pa kupita. Sikubisha, maana kupita Miyomboni saa kumi na moja jioni bila kukanyaga nyanya za mtu ilikuwa kazi kweli.

Sasa nendeni mkaangalie leo. Pale palipokuwa na meza ya soksi kuna Noah imelala, matairi ya kushoto juu ya njia ya miguu, mwenyewe yuko dukani anapiga soga. Pembeni yake kuna pikapu inashusha saruji. Mbele bodaboda wamejipanga wanasubiri abiria. Hakuna mgambo anayekuja kubeba kitu hapo! Yule mama wa karanga na kimeza chake cha nusu mita alikuwa "anachafua taswira ya mji", ila gari la karibu mita tano halichafui chochote, limradi mwenyewe kalipa ushuru wa maegesho.

Tena machinga ukimwambia "samahani, naomba nipite" alikuwa anavuta meza. Prado unaiombaje?

Mama yangu mzazi amevuka miaka 70, anatembea na mkongojo. Nilimsindikiza kutoka sokoni kwenda kupanda daladala, mwendo ambao kijana anaumaliza kabla hujamaliza kumsimulia habari. Tumeanza vizuri, hatua chache tu, gari limeziba. Tukashuka barabarani. Boda akatupigia honi kana kwamba tumeingia sebuleni kwake. Tukapanda tena, tukakutana na mtaro usio na mfuniko; msamaria mwema kachomeka tawi la mti humo ili watu wasitumbukie, na lile tawi limeshakauka, maana yake limekaa hapo muda. Tukashuka tena. Halafu zikaja ngazi. Mji wetu uko mlimani, kwa hiyo kila mwenye duka kajenga baraza lake kwa kimo anachojua yeye: huku futi moja, pale mbili, kule kaweka vigae vinavyoteleza mvua ikinyesha kidogo tu. Mama akasimama akaniuliza, "Sasa mwanangu, sisi tupite wapi?" Sikuwa na jibu.

Hapo mama anaona na miguu inamfikisha. Mwenye kitimwendo je? Mwenye fimbo nyeupe je, ambaye fimbo inapita chini ya bodi ya lori halafu kichwa ndicho kinachogonga? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa nchi iliuridhia 2009. Karatasi hazijapungua. Na kinachotakiwa si muujiza. Ukingo wa njia ukiwa na kimo cha sentimita 15, unahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180 ili mtu ajisukume mwenyewe bila kupinduka, yaani kila kipimo kimoja cha kupanda kwa vipimo 12 vya urefu. Fundi yeyote wa mtaani anaweza. Badala yake, ile miteremko michache niliyoiona imesimama utadhani ni ya kupandishia pipa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huu ndio mji wa Neema Crafts, watu ambao tangu 2003 wameonyesha kuwa kiziwi na mlemavu wa miguu wanafanya kazi, wanauza, wanahudumia wageni. Mgeni anayekwenda hifadhi ya Ruaha analala hapa, anataka kutembea hadi makumbusho ya Boma, apite sokoni, anunue kikapu. Anaishia kuita bajaji kwa safari ya kurusha jiwe.

Haya, tuje jioni. Stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Igumbilo, wamachinga wakahamishwa, na hakuna aliyejiuliza katikati pangebaki na nani. Maduka yakifungwa, taa za barabarani nyingine zinawaka nyingine zimelala, mitaa inabaki na walinzi na baridi yetu mnayoijua. Dada zetu wanaotoka kazini saa mbili usiku watawaambia ni lini walikuwa wanajisikia salama: ni wakati ule kona ilikuwa na mchoma mahindi, muuza chai na yule kijana wa kava za simu. Wale walikuwa macho ya mtaa bila mshahara. Mtu hakupori mbele ya watu ishirini wanaokujua.

Kwa hiyo msinielewe vibaya kwamba nataka vurugu ya zamani irudi. Nataka aliyeahidi "njia kwa waenda kwa miguu" aitimize. Wekeni vizuizi vya chuma au zege pembezoni, gari lisiweze kupanda. Funikeni mitaro. Tengeni kipande cha barabara kuanzia saa kumi na moja jioni, magari yasiingie, wamachinga warudi kwa mistari iliyochorwa, na nafasi ya mita mbili ibaki wazi katikati. Vyoo vya umma na mabenchi, kwa sababu mzee hawezi kutembea mjini kama hana pa kukaa wala pa kujisaidia. Mwendo wa magari katikati ya mji uwe kilomita 30 kwa saa badala ya hiyo 50 ya kisheria. Gari la 50 linakugonga kwa nishati karibu mara tatu ya lile la 30. Hesabu hiyo ipo kwenye kitabu cha fizikia cha sekondari, haihitaji mshauri mwelekezi.

Nyongeza: naona mmeanza kuchangia. Mkuu unayesema "nunua gari uache kulalamika", nikinunua nitaliegesha wapi, juu ya mama yako? Na wewe unayesema wenye maduka watakosa wateja magari yakizuiwa: simama mlangoni kwa duka lolote Miyomboni, uhesabu wanaoingia kwa miguu na wanaoshuka kwenye gari, kisha uje na majibu hapa.

Nilishapeleka malalamiko kwenye ofisi moja, nikaambiwa niandike barua, nikaandika, kimya. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi kwa wananchi. Anayejua tarehe ya kikao kijacho aiweke hapa, na mwenye ndugu anayetumia kitimwendo anitafute inboksi tujipange usafiri mapema.