Historia ya baba yetu, mwanamaji mstaafu: tuanzie wapi?

Binti wa Ujiji:
Shikamooni wakubwa. Marehemu baba alikuwa mwanamaji wa JWTZ, na baada ya kustaafu alitengeneza injini za mitumbwi pale Kibirizi hadi mikono ilipomkataa, huku mama akianika dagaa ili sisi sita tusome. Habari za jeshini hakutusimulia kamwe. Tunataka kuwaandikia wajukuu maisha yake, tuanzie wapi?

Mstaafu wa Mwanga:
Marahaba, binti yangu. Hati yake ya kustaafu itawapa tarehe na cheo. Hata hivyo, mzungumzeni kwanza na mama, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mlikula nini mume alipokuwa doria.

Mvuvi wa Katonga:
Msilisahau Ziwa Tanganyika. Baba yangu, baharia wa kiraia katika MV Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 na Waingereza wakaiibua mwaka 1924, alihesabu miaka yake kwa safari za Mpulungu, bandari ya Zambia (umri wetu pia, jambo lililomkera sana mama).

Binti wa Ujiji:
Asanteni. Mama amekubali, ila jioni tu, dagaa wakishaanuliwa.