Nimelipia gemu nzima, halafu Epona kafungiwa kwenye kisanamu!

Wakuu, hili limenikera na leo nalisema.

Mtu ananunua Breath of the Wild, gemu la Zelda la Nintendo, kwa bei kamili. Farasi Epona yumo humohumo ndani ya gemu, lakini humpati mpaka uweke juu ya pedi amiibo (kisanamu cha Nintendo chenye chipu) ya Link, shujaa wa gemu, kama ile ya Super Smash Bros. Hakuna bosi wa kumpiga wala fumbo la kufumbua. Huna kisanamu, huna Epona!

Na kisanamu chenyewe hakibebi farasi yeyote. Kwenye kitako chake kuna chipu ya NTAG215, inayosomwa kwa kusogezwa karibu tu, na faili lake zima ni baiti 540. Meseji ndefu ya WhatsApp inalizidi. Kazi yake hapo ni kuiambia konsoli "mimi ni Link", basi, mlango unafunguka. Kilichokuwa nyuma ya mlango ulishakilipia.

Skyward Sword HD ya 2021, gemu jingine la Zelda, ndiyo ilinimaliza kabisa. Kupaa kurudi angani kutoka popote ulipo huko chini, bila kuhangaika kutafuta sanamu ya ndege, kumefungiwa kwenye amiibo ya Zelda na ndege wake Loftwing, dola 24.99. Hiyo si zawadi hata kidogo, ni kumpunguzia mchezaji usumbufu ambao gemu lenyewe limemwekea!

Visanamu vikiadimika, walanguzi wanapandisha bei wanavyotaka. Watu wakigeukia mafaili ya bin (nakala za data ya visanamu) na stika zenye chipu za kuyaandikia, mnawaita wezi. Mimi siwalaumu. Ila huko nako kumejaa matapeli: muuzaji mmoja wa mtandaoni kaniuzia stika "zinazokubali kila kitu", kumbe ni NTAG213, nafasi ya data baiti 144 tu! Faili litaingia wapi? Nikidai hela yangu, eti simu yangu ndiyo mbovu. Mnaonunua, komaeni na NTAG215, na mjue kwamba data lazima isimbwe upya kulingana na namba ya stika husika. Ukishaiandika inajifunga, huigeuzi tena kuwa mhusika mwingine.

Wolf Link, amiibo ya Link akiwa mbwa mwitu, namtoa kwenye lawama hizi. Kile kisanamu kinahifadhi mioyo ya uhai uliyoihangaikia kwenye gemu la Twilight Princess HD, hadi 20, na mbwa mwitu wako anaingia nayo Breath of the Wild. Hapo chipu imebeba jasho langu, nalipa bila kunung'unika.

Halafu tazameni Tears of the Kingdom ya 2023, gemu lililoendeleza Breath of the Wild. Mavazi mengi ambayo zamani yalitaka amiibo yamewekwa kwenye masanduku, unayatafuta kwa miguu yako, na mwenye kisanamu naye anapata njia yake ya mkato. Kumbe waliweza siku zote! Kwa hiyo asije mtu hapa na ile hoja ya "si lazima, ni hiari". Anijibu kwanza: Epona nampataje kwa kucheza?