Muziki katika Gredi ya 4: nianze na rekoda au na sauti?

Mwalimu wa Kayole anauliza:

Walimu wenzangu, salamu. Ninafundisha Gredi ya 4 katika shule ya umma huku Eastlands, na muhula huu nimekabidhiwa Sanaa Bunifu, somo ambalo sasa limeunganisha muziki, uchoraji na michezo. Uchoraji na michezo ninaviweza. Kinachonitatiza ni muziki, kwa kuwa nilisoma baada ya somo hilo kuondolewa katika mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kama mnavyojua, somo lisilotahiniwa lilibaki kwenye ratiba ya ukutani huku kipindi chake kikimezwa na Hisabati. Ninaimba katika kwaya ya kanisa kwa kusikiliza na kukariri, lakini noti zilizoandikwa kwenye mistari mitano ninazisoma kwa shida.

Darasani nina wanafunzi zaidi ya sitini. Rekoda, yaani filimbi za kupulizwa zenye matundu, zilizo kabatini hazifiki kumi, wazazi wengi hawawezi kununua nyingine kwa sasa, na kinachotutenga na darasa jirani ni ukuta wa mbao ambao hata kikohozi unakipitisha. Mtaala unataka wanafunzi wapulize rekoda. Je, niwaanzishe kwa rekoda moja kwa moja, au niwaimbishe kwanza hadi masikio yao yazoee, hata nikionekana nimechelewa?

Mkufunzi wa kwaya, Lang'ata:

Mwalimu, anza na sauti. Mwanafunzi asiyeweza kuimba mi, re, do bila kuteleza hatajua kama rekoda yake imetoa sauti inayotakiwa au la. Atakuwa anaziba na kuzibua matundu kwa kuangalia vidole vya jirani.

Kwa kuwa unaimba kwaya, nadhani solfa (kuimba kwa majina ya do, re, mi) unaijua, na hiyo ni mali kubwa kuliko unavyodhani. John Curwen, mhubiri wa Uingereza aliyeieneza katika karne ya 19 kwa kuendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, alitaka watu wa kawaida wasio na piano wala mwalimu binafsi waweze kuimba kwa kusoma, na hali ya darasa lako haitofautiani sana na hiyo. Tumia pia ishara zake za mkono: do ni ngumi iliyofumbwa usawa wa kiuno, mi ni kiganja kilicholazwa kikitazama chini, so ni kiganja kinachokuelekea kifuani, na mkono unapanda kadiri sauti inavyopanda. Watoto huzishika haraka, nawe unaweza kuliongoza darasa zima bila kusema neno, jambo ambalo jirani yako wa nyuma ya mbao atalishukuru. Wanaofuata njia ya Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria aliyeishi kuanzia 1882 hadi 1967, huanza na so na mi peke yake, kwa sababu watoto wengi tayari huimba sauti hizo mbili wanapoitana michezoni, kisha huongeza la, na ndipo wanaendelea na nyingine. Usiwape ngazi nzima ya do hadi do siku ya kwanza.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni mahali pa kuanzishia wimbo. Nenda kwenye paredi ya Jumatatu katika shule nyingi za jiji hili usikilize wimbo wa taifa: mwalimu wa kiume anauanzisha chini, panapomfaa yeye, watoto wanabaki kunguruma au kutamka maneno bila kuyaimba, kisha tunaambiwa kwamba hawana sauti. (Lahani hiyo ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, sijui ni mtoto gani angelala kwa ngurumo za paredi zetu.) Watoto wa umri huo huimba kwa raha kuanzia noti ya D iliyo juu ya C ya kati (ile ya katikati ya piano) hadi karibu na D inayofuata. Pakua programu ya piano katika simu yako, bonyeza D hiyo, uifanye do yako, na wewe uimbe oktava ya chini, yaani sauti zilezile ngazi nzima chini, ikiwa ni lazima, lakini wao wabaki juu.

Mdundo ufundishe sambamba na hayo. Majina ya taa kwa pigo moja, ta-te kwa pigo lililogawanywa mara mbili, na taa-aa kwa mapigo mawili yanatosha kwa muhula mzima, na yanaweza kupigwa kwa vidole viwili juu ya kiganja badala ya makofi kamili.

Mwalimu wa Umoja:

Nakubaliana na mengi aliyoyaandika mkufunzi, ila nina wasiwasi na ushauri huo ukichukuliwa kupita kiasi, kwa maana nimeona shule ambako "tunaimba kwanza" iligeuka kuwa "tunaimba tu" hadi Gredi ya 6. Rekoda inaweza kuingia mara tu watoto wanapoimba mi, re, do kwa uhakika, kwa sababu do ikihamishiwa G, sauti hizo ndizo noti za B, A na G, na zote hupigwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Kidole gumba kinaziba tundu la nyuma. Cha shahada kikiongezwa mbele unapata B, cha kati kikiongezwa unapata A, cha pete kikiongezwa unapata G. Kwa kuwa wimbo umeshaingia masikioni, vidole hufuata bila vurugu.

Kuhusu kelele na uhaba, wanafunzi wanaweza kuegemeza mdomo wa rekoda kwenye kidevu na kufanya mazoezi ya vidole huku wakiimba majina ya noti, na wasio na rekoda watumie kalamu. Kupuliza kuwe kwa pumzi ndogo na ulimi utamke "du", kwani kelele kali ya rekoda mara nyingi hutokana na kupuliza kwa nguvu. Rekoda zinazotumiwa na wengi zioshwe kwa maji vuguvugu yenye sabuni kabla ya kumfikia mwingine. Hapo usikubali mkato wowote.

Mkinunua nyingine, hakikisheni zote ni za aina moja. Tazama tundu la nne na la tano upande wa mbele: katika rekoda ya Kibaroki la tano ni kubwa kuliko la nne, na katika ya Kijerumani ni kinyume. F hupigwa tofauti katika aina hizo mbili, na darasa lenye mchanganyiko halitaelewana litakapofika huko.

Mpiga ngoma wa Kawangware:

Mimi si mwalimu wa darasani, lakini nasikitika kwamba hadi sasa hakuna aliyetaja ala zetu. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho hupigwa zikiwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina mdundo wake. Gawanya darasa lako mafungu matatu, kila fungu lipige mdundo wake juu ya dawati kwa ncha za vidole, na utakuwa umefundisha mambo ambayo ubaoni yangechukua wiki kadhaa. Tunazitoa ngoma Tamasha la Muziki la Kenya linapokaribia, tamasha lenyewe limekuwapo tangu 1927, kisha wanafunzi waliochaguliwa wanazipiga na waliobaki wanatazama. Hilo si fundisho la muziki.

Mwalimu wa Kayole:

Nawashukuru nyote. Nitaanza na so na mi, na mafungu matatu nimeyapenda. Swali moja limebaki: katika kipindi cha dakika 35, nitampimaje kila mwanafunzi bila wengine kukaa bure?

Mwalimu wa Umoja:

Usimpime kila mmoja siku moja. Wakati darasa zima linashikilia mapigo kwa vidole, wanafunzi watano au sita wa safu moja waimbe au wapulize kifungu kifupi, kila mmoja mapigo manne, bila kusimamisha wimbo. Weka orodha ya majina mezani na uandike alama moja tu: ameshika mapigo, ameshika sauti, au vyote viwili. Kipindi kinachofuata ni zamu ya safu nyingine. Wale ambao hawakushika chochote usiwaite mbele peke yao. Waketishe kati ya wawili wanaoimba vizuri, uwasikilize tena safu yao itakaporudi.