Toyota IST, P0171 na P0302: nibadilishe sensa ya oksijeni?

Swichi_On
Wakuu, IST ya 2004, injini 1NZ-FE. Taa ya injini imewaka. Skana ndogo ya Bluetooth, ELM327, inaonyesha misimbo ya hitilafu P0171 na P0302. Fundi anasema P0171 ni sensa ya oksijeni, ninunue mpya. Ni kweli?

Spana10
Usinunue bado. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa, na mara nyingi mpiga kelele si mwizi.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya misimbo yote pamoja na ile data iliyogandishwa kosa lilipotokea: mizunguko ya injini kwa dakika, joto la injini, mzigo. Ukifuta, inapotea.

Kisha injini ikipata moto fungua data ya moja kwa moja, usome STFT na LTFT (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kwa muda mfupi na mrefu). Soma bila kukanyaga mafuta, halafu shikilia mizunguko 2500 kwa nusu dakika. Ukijumlisha hizo mbili, ndani ya 10 juu au chini hakuna shida. Ikiwa kubwa kwenye mzunguko mdogo na ikashuka ukikanyaga, kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya MAF (sensa inayopima hewa inayoingia). Ikizidi kupanda ukikanyaga, angalia MAF chafu, pampu dhaifu au filta ya mafuta.

Koili_ya_Pili
P0302 ni silinda ya pili kumisi, yaani haiwaki sawasawa. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa cheni. Zima gari, fungua bolti ya 10 ya koili, badilishana koili ya 2 na ya 3, futa misimbo, uendeshe. Ikija P0303, koili imekufa. Ikibaki P0302, hamisha plagi (soketi ya 16, pengo 1.1 mm). Isipohama tena, nenda kwenye injekta na kompresheni. Hapo gharama ni muda tu.

Taa ikipepesa badala ya kuwaka tu, usikanyage mafuta sana: petroli isiyoungua inaenda kuungua ndani ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) na kuiua.

Mama_Vitz
Samahani kuingilia. Yangu skana inawaka taa nyekundu lakini programu inagoma kuunganisha na kompyuta ya gari. Ni Vitz ya Japani, ya zamani.

Spana10
Dada, taa hiyo inaonyesha umeme tu, unaotoka pini ya 16 ya tundu la skana hata swichi ikiwa imezimwa. (Ndiyo maana usiiache imechomekwa gari likilala.) Weka swichi ON, siyo ACC. Ikigoma, shida huenda ni lugha: Marekani ililazimisha OBD2 (lugha moja ya skana kwa magari yote) mwaka 1996, lakini Toyota nyingi za soko la Japani za miaka hiyo zina tundu lile lile na mazungumzo yao wenyewe. Kwenye programu chagua Toyota ya Japani kama ipo. Kopi nyingi zilizoandikwa v2.1 pia hukosa baadhi ya amri, kwa hiyo jaribu skana nyingine kabla ya kuilaumu gari.

Njia ya kizamani: unganisha pini 4 na 13 kwa waya mfupi, swichi ON, hesabu mimuliko ya taa. Miwili, pumziko, mitano ni 25, yaani hewa nyingi kuliko mafuta. Hakikisha hugusi 16, utachoma fyuzi.

Swichi_On
Nimepima. Jumla ni +24 bila kukanyaga, +5 kwenye 2500. Koili nimehamisha, bado P0302.

Koili_ya_Pili
Basi hewa inaingia, na kwa kuwa silinda ya 2 ndiyo inayomisi, anzia karibu nayo: gasketi ya manifodi ya kuingizia hewa na mpira wa injekta ya 2. Kisha mpira mkubwa kati ya MAF na throtoli, upinde mikunjo yake maana nyufa hujificha humo, mpira wa PCV (vali ya kutoa mvuke wa injini), na wa buusta ya breki. Puliza moshi ndani ya mfumo ukiweza. Kunyunyizia kisafisha kabureta na kusikiliza kama mzunguko unabadilika hufanya kazi pia, ila injini ya moto na cheche za koili hazina huruma, uwe na kizimamoto mkononi.

MAF isafishe kwa dawa yake tu, usiguse waya, iache ikauke dakika 10. Sensa ya oksijeni iache ilipo.