Naomba ushauri: majaribio ya Kubernetes yanafaulu asubuhi, yanafeli mchana

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Niko Mbeya, ambako mimi na mwenzangu tunaandika programu ya kusimamia nakala za kanzidata ndani ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha na kusimamia kontena (programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji). Majaribio ya vipande vidogo vya msimbo hayana shida. Tatizo ni majaribio ya mfumo mzima, yanayoanzisha klasta (kundi la mashine za Kubernetes, kila moja ikiitwa nodi) kwa kutumia zana iitwayo kind, ambayo huendesha kila nodi kama kontena ndani ya kompyuta yetu moja yenye RAM ya GB 8.

Juzi nilitazama podi (kifurushi cha kontena moja au zaidi) ikisubiri imeji (faili la kuanzishia kontena) ipakuliwe kwa dakika nne, ilhali jaribio liliandikwa lisubiri sekunde 30 tu. Hilo nimelitatua kwa kuingiza imeji kwenye nodi mapema kwa amri ya kind load docker-image. Kisha niliondoa usubiri wa muda maalumu nikaweka amri ya kubectl wait, inayosubiri hadi podi iwe tayari, lakini amri hiyo ikitangulia kabla podi haijaundwa, inarudisha kosa papo hapo.

Mwenzangu anapendekeza jaribio likifeli lirudiwe mara tatu. Mimi naona huko ni kufunika moto kwa majani makavu, kwa sababu huenda kosa limo kwenye programu yenyewe.

Je, nihamishie sehemu kubwa ya majaribio kwenye envtest, zana ya majaribio ambayo huendesha seva ya API (inayopokea maombi ya Kubernetes) na etcd (hifadhi ya data zake) pekee, ingawa humo podi haziendeshwi kabisa? Na majaribio yanayobaki, nifanyeje ili yasigongane yakiendeshwa kwa pamoja?