Naandika riwaya, nina kazi na mtoto mdogo. Mnapataje muda, na muswada unapelekwa wapi?

Dada wa Mbagala
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi nauza duka la dawa la mtu, naingia saa mbili asubuhi natoka saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nikifika home kuna mtoto wa miaka miwili, kuna kupika, kuna kufua. Na humo humo naandika riwaya, inahusu binti anatoka Kilwa kuja Dar kufanya kazi za ndani, nishapita nusu. Naandika kwenye simu, mtoto akilala naingia naye kwenye neti napunguza mwanga mpaka mwisho maana akiona simu inawaka tu anaamka anataka katuni, napata aya mbili tatu usingizi unanichukua kidole kiko kwenye kibodi, asubuhi nakuta herufi m imejaa ukurasa mzima.

Alafu kuna wachapishaji niliwapigia wakataka nitoe kwanza hela ya kuhariri na jalada, ni mishahara yangu ya miezi kadhaa. Shoga angu ananiambia niitupie Facebook vipande vipande mwisho watu walipie WhatsApp. Mume hakatazi ila anaona napoteza muda. Nishaurini jamani, hii hadithi naitaka iwe kitabu kabisa.

Mlinzi wa zamu
Hongera sana dada. Mimi nalinda godauni usiku na naandika mashairi, nachoweza kukwambia usiku wako umeshachoka, usiutegemee. Tafuta muda ambao akili bado iko hai hata kama ni mfupi. Duka la dawa si kuna ile saa nane mpaka saa kumi jua kali wateja hamna? Weka kaunta buku chini ya meza uandike kwa mkono, mteja akija unafunga unahudumia, usiku kazi yako iwe kuhamishia kwenye simu tu, hiyo hata ukiwa na usingizi inawezekana. Kwenye daladala jirekodi sauti. Na mzee Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha miaka na miaka huku anaandika, kwahiyo usione kazi ya watu ni kikwazo.

Mhariri mstaafu
Binti yangu, hela usitoe. Mchapishaji akikubali kazi yako gharama za kuhariri, jalada na kuchapa ni zake, wewe unalipwa mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo, kitabu kikiuzwa, na uandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani anabaki na haki na kwa muda gani. Anayekudai hela mwanzoni anakuuzia huduma, si dhambi, ila ujue vitabu vitakuja kukaa chini ya kitanda chako na kuviuza ni juu yako.

Kwa mtu asiye na mtaji mimi ningeangalia tuzo kwanza. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilizinduliwa 2022, riwaya imo, mshindi wa kwanza anapata milioni 10 na kazi inachapishwa. Kuna na ya Safal-Cornell, ile iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, nayo imekuwa ikipokea miswada ya Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika mstari kwa mstari, miswada mizuri inaenguliwa kwa vitu vidogo kama idadi ya maneno.

Simulizi kila siku
Mzee shikamoo, ila tusiiponde Facebook. Mimi nakula kwa simulizi, natupia sehemu za mwanzo bure, watu wakinogewa wanatuma elfu moja kwa M-Pesa nawaingiza grupu, na comments za wasomaji zimenifundisha kukata sura pale pale roho iko juu. Shida ni mbili. Moja wizi, unaamka unakuta kazi yako kwenye peji ya mtu jina lako limefutwa. Ya pili ukianza huwezi kupumzika, ukikosa kupost siku mbili inbox matusi, na dada una mtoto. Andika vifupi vingine vya kutupia huko, hiyo ya Kilwa itunze.

Mhariri mstaafu
Marahaba. Hapo umesema kweli, maana ukishaimwaga yote mtandaoni kuna mahali wataihesabu imeshachapishwa waikatae. Binti, hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, ila ukiimaliza kaisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, siku ukiibiwa una ushahidi.

Dada wa Mbagala
Asanteni mno, shikamoo mzee. Kaunta buku nanunua leo leo. Sasa je naweza kuwatumia wachapishaji sura za mwanzo tu nisikie wanasemaje, au mpaka niimalize?

Mhariri mstaafu
Marahaba mwanangu. Imalize. Mwandishi mgeni akituma sura tatu nzuri mhariri ataomba zilizobaki wiki hiyo hiyo, ukimwambia bado unaandika anaenda kwa mwingine. Ukimaliza iweke pembeni mwezi hivi, isome tena kwa sauti, mpe mtu mmoja asiyekuonea aibu aisome, ndo utume na muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema mpaka mwisho wa hadithi, usifiche. Alafu subiri, majibu yanachukua miezi, anza nyingine.